Shokapu Inayofunguka na Isiyofunguka

Dereva anayetoka Sumbawanga kwenda Mpanda kwa gari la zamani hujua ni wapi hatakiwi kusimama. Barabara kuu inapopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mbung'o hulifuata gari kama wanaolidai. Vioo hufungwa hata jua liwe kali namna gani, na abiria hujifuta jasho kimya kimya. Ndani ya gari lisilo na kiyoyozi, lililofungwa hivyo, hakuna mlio unaojificha. Ndipo inapoanza ile ngo, ngo, ngo ya upande wa nyuma kulia. Mwenye Land Rover One Ten ya miaka ya 1980 huitambua mara moja: shokapu imekwisha, au bushi zake zimekwisha, au vyote viwili. Kuteremka kuangalia hawezi. Anapunguza mwendo, anasikiliza, na kabla hajavuka Mto Katuma pale Sitalike, ambako kiangazi viboko hubanana kwenye tope hadi wapita njia huwatazama kutoka barabarani, tayari ameanza kupiga hesabu. Anunue mpya, au ile ya zamani ifunguliwe na kufanywa upya?

Mwenye gari la juzi hasumbuki na swali hilo. Anakwenda dukani, anataja jina la gari na mwaka wake, anapewa boksi. Ila gari ambalo kiwanda chake kiliacha kulitengeneza miongo kadhaa iliyopita, na ambalo mwenyewe anaishi zaidi ya kilomita 1,000 kutoka maduka ya Kariakoo, lina mambo mengine. Huku Mpanda wengi huanzia kwenye bei, na hapo ndipo wanapopotea. Swali la kwanza ni jingine kabisa: shokapu hiyo ilitengenezwa ili ifunguke, au ilifungwa moja kwa moja kiwandani?

Kwanza ieleweke kazi ya kifaa chenyewe, maana jina lake limewachanganya watu wengi. Shokapu haipokei kishindo cha shimo. Kishindo hupokewa na tairi na springi. Springi ikishabanwa na tuta, hutaka kurudi, na ikirudi hupitiliza, kisha hurudi tena, na gari huendelea kuchezacheza kama mtumbwi uliopitwa na meli. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Ndani yake mna silinda iliyojaa oili, pistoni yenye vitundu na vali, na fimbo ya chuma iliyong'arishwa kwa kromu. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni huilazimisha oili ipite kwenye vitundu vile, nayo oili hukataa kupita haraka. Ubishi huo ndio utulivu anaouhisi abiria. Nguvu yote iliyokuwa ikilirusha gari hugeuka kuwa joto, na joto hilo hutoka kupitia bati la nje la shokapu kwenda hewani.

Sasa chukua barabara ya changarawe iliyokauka, yenye yale mawimbi madogo madogo yanayokatisha njia kama ubao wa kufulia. Tuseme kutoka wimbi moja hadi jingine ni sentimita 75. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu hupanda na kushuka mara 22 kwa sekunde moja. Kwa saa nzima hiyo ni mara 80,000. Baada ya mwendo wa namna hiyo bati la shokapu linaweza kuunguza kiganja. Oili iliyopata moto huwa nyepesi, na ikitikiswa pamoja na hewa iliyo ndani hufanya povu. Povu halibishani na pistoni. Dereva huona gari limeanza kuteleza pembeni kwenye kona aliyoizoea, akadhani changarawe imezidi. Kumbe shokapu zimechoka. Akisimama nusu saa chini ya mti, zikapoa, gari hurudi kuwa lilelile la asubuhi.

Katavi ina magari ya namna hii kwa sababu zinazojulikana. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini Mpanda ni mji wa kazi nzito tangu enzi za mkoloni. Madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals ndiyo yaliyoileta reli ya tawi kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210 katikati ya miombo, mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni miaka ileile ambayo Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani, Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki. Miaka ya 1970 yakaja makazi ya wakimbizi wa Burundi, Katumba kwanza, kisha Mishamo mwaka 1978. Na mwaka 1974 Katavi ikawa hifadhi ya taifa. Kazi zote hizo, za kugawa mbegu, kupeleka dawa, kufukuza majangili na kusomba watu, zilihitaji gari linalopita pasipo na barabara. Kwa sehemu kubwa gari hilo lilikuwa Land Rover ya springi za bapa, ile ya inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, na baadaye One Ten. Pembeni yake ilikuwapo Peugeot, ambayo kila mtu aliiita Pijo: 404 kwanza, kisha 504, ikibeba watu na mizigo mara mbili ya iliyokusudiwa.

Kisha kikaja kipindi ambacho wazee wa mji hawakihadithii kwa kicheko. Baada ya Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na spea zikawa bidhaa ya kuombea kibali. Hadi serikali ilipowaruhusu wafanyabiashara, mwaka 1984, kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, gari lililokosa kifaa lilipaki, au fundi alibuni. Ufundi wa Mpanda wa leo ulizaliwa humo. Fundi aliyejifunza kazi miaka ile hakuwa na boksi jipya la kufungua, kwa hiyo alifungua kilichokufa. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Lakini katika suala la shokapu umeacha desturi moja nzuri na moja mbaya, na kwa macho ya mteja aliyesimama nje ya gereji zote mbili zinafanana.

Mbaya ndiyo iliyoenea zaidi. Shokapu iliyokauka hufungwa kwenye jiriwa, hutobolewa tundu ubavuni kwa keekee, oili ya zamani ikachuruzishwa, ikamiminwa nyingine, mara nyingi ile ya injini, tundu likazibwa kwa kuchomelea, bati likapakwa rangi nyeusi. Mteja huibonyeza, huiona ni ngumu, hufurahi, hulipa. Ugumu ule ni wa oili nzito iliyopoa. Shida iliyoiua shokapu haijaguswa, kwa sababu shokapu haikauki bila sababu: oili ilipita mahali, na mahali penyewe ni sili ya juu, ambayo bado ni ileile iliyokatika. Chembe za chuma kutoka kwenye keekee zimebaki ndani na zitaikwaruza silinda. Joto la kuchomelea limeunguza sili na bushi ya ndani. Wiki mbili baadaye ubavu wa shokapu umelowa tena.

Na kuna la kuogofya zaidi. Shokapu nyingi za sasa zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ndani. Zile zenye mabati mawili, moja ndani ya jingine, hubeba gesi ya nguvu ndogo, karibu sawa na upepo wa tairi la gari dogo au kuzidi kidogo. Lakini zile za silinda moja hubeba gesi yenye nguvu mara kumi ya tairi hilo. Kuitoboa hiyo kwa keekee, au kuipelekea moto wa kuchomelea ikiwa na oili na gesi ndani, ni kuhatarisha macho na maisha ya kijana anayefanya kazi bila miwani. Hakuna nauli ya kuleta shokapu mpya kwa basi kutoka Dar es Salaam inayofikia thamani ya jicho la fundi, na mwenye gari anayeiomba kazi hiyo ifanywe anashiriki lawama.

Desturi nzuri ni ya kufungua kile kilichotengenezwa kifunguke. Viwanda vya zamani vilitengeneza vifaa hivyo vingi kuliko wengi wanavyodhani.

Morris Minor, gari dogo la Kiingereza lililotoka mwaka 1948 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, halina shokapu za bomba. Lina kiboksi cha chuma kilichofungwa kwenye mwili wa gari, kikiwa na mkono unaopanda na kushuka, na juu yake kuna kizibo. Kitabu cha gari kilimwagiza mwenyewe akifungue kizibo hicho na kuongeza oili, kama anavyoongeza maji kwenye rejeta. Mbele, mkono huo ni sehemu ya miguu ya gari yenyewe. Ukiutoa, gurudumu halina cha kulishika kwa juu. Kwa gari kama hilo kutengeneza upya si njia ya mkato, ndiyo njia iliyokusudiwa, na hadi leo Uingereza zipo karakana ambazo kazi yao ni kupokea viboksi vilivyochakaa na kuvirudisha vikiwa na ekseli mpya, bushi mpya na sili mpya.

Pijo ni mfano wa karibu zaidi na Mpanda. Mguu wa mbele wa 404 na wa 504 ni wa aina iliyopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson: shokapu haikai pembeni ya springi, yenyewe ndiyo nguzo inayobeba gurudumu, na usukani huizungusha. Juu ya nguzo hiyo kuna kofia inayofunguliwa kwa kuzungushwa. Chini ya kofia kuna sili, chini ya sili kuna fimbo na silinda, na vyote hutoka kimoja kimoja kwenye meza ya fundi. Anayekata nguzo hiyo au kuitupa kwa sababu imevuja ametupa gari zima. Anayeifungua vizuri anaweza kuiendesha miaka mingine mingi.

Land Rover sasa. Hapa wapenzi wengi wa magari ya kale watakunja uso, lakini ukweli ni kwamba Land Rover, mfalme wa kutengenezeka, ndiyo isiyohitaji shokapu ya kutengenezwa upya. Shokapu zake ni bomba la kawaida lililoshikwa juu na chini kwa bushi za mpira. Mtu mwenye spana mbili na subira huibadilisha chini ya mwembe kwa chini ya saa moja. Kwa kuwa gari hilo lilitengenezwa kwa umbo linalokaribiana kwa miongo mingi, hadi la mwisho la ukoo huo lilipotoka kiwandani Solihull mwezi Januari 2016, viwanda vingi duniani bado vinatoa shokapu mpya zake. Bomba hilo kwa kawaida limefungwa moja kwa moja, halina kofia. Kulitoboa ili kuokoa kitu kinachopatikana kipya ni uchumi wa kupoteza.

Kuna tofauti moja kati ya Land Rover mbili ambayo wengi huiona kuwa ndogo, nayo ndiyo huamua nani aharakishe. Ile ya zamani, hadi Series III iliyokoma mwaka 1985, ina springi za bapa: vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari likicheza, vyuma hivyo husuguana, na msuguano wenyewe hutuliza kidogo. Kwa hiyo gari la inchi 109 lenye shokapu zilizokufa bado huenda, likigonga na kurukaruka, na mwenyewe huzoea akasema ndivyo Land Rover zilivyo. One Ten, iliyoanza mwaka 1983, ina springi za koili. Koili haisuguani na kitu. Ikikosa shokapu, gari zito linabaki likining'inia juu ya vyuma vinne visivyo na breki. Aliyetoka kwenye gari la kwanza akaingia la pili, akabeba mazoea yaleyale, amewahi kujikuta ndani ya mtaro na asijue kilichotokea.

Hata lile zoezi la kulibonyeza gari kwa mikono na kuhesabu linaruka mara ngapi halisaidii kwenye springi za bapa. Msuguano wa vyuma hulizuia gari mapema, na shokapu mfu hupewa cheti cha uzima.

Tuseme basi kifaa ni cha kufunguka, na mwenye gari ameamua kukifungua. Kazi ya namna hiyo ikifanyika ipasavyo ina mpangilio wake. Kwanza shokapu husafishwa nje hadi hakuna punje ya mchanga, kwa maana mchanga wa Katavi ukiingia ndani utafanya kazi ya msasa. Hupimwa urefu ikiwa imefungwa na ikiwa imenyooshwa, na vipimo huandikwa. Kofia hufunguliwa kwa spana yake ya pini mbili, na kama haipo huchongwa. Kugonga kofia kwa patasi na nyundo ni kuiharibu hesi ambayo haipatikani tena. Oili inayotoka haimwagwi chini. Hukingwa na kupimwa, kisha huangaliwa mwangani. Ikiwa nyeusi tu, imezeeka. Ikimetameta kwa chembe za chuma, pistoni imekuwa ikiila silinda, na hapo mazungumzo hubadilika.

Fimbo ndiyo hakimu. Hupitishiwa ukucha: ukikwama kwenye kovu la kutu, kila safari kovu hilo litaikata sili mpya. Kovu dogo lililo juu kabisa, mahali ambapo fimbo haifiki kwenye sili, linaweza kuvumiliwa. Likiwa katikati halivumiliki. Fimbo hiyo itafutiwe mahali pa kupakwa kromu ngumu na kusawazishwa tena kwa mashine, kazi ya viwanda vya miji mikubwa, au itafutwe nyingine. Fimbo iliyopinda haina dawa. Wenye magari wengi huumia hapa, kwa sababu wamekwisha kulipia kufungua, na fundi huona haya kuwaambia. Fundi anayesema, "Mzee, fimbo hii imekwisha, nikikufungia utanirudia mwezi ujao," anastahili kulipwa kwa maneno hayo kama anavyolipwa kwa spana.

Kuhusu sili na oili, Mpanda ina utajiri ambao haujitambui. Mji umejaa bodaboda, na kila pikipiki ina shokapu mbili mbele zinazofunguka. Kijana wa pikipiki hubadilisha sili zake na oili yake mara nyingi kwa mwaka, huku akipiga soga na wateja. Anajua sili hupimwa kwa namba tatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, zilizopigwa juu ya mpira wake. Anajua midomo ya sili hupakwa oili kabla ya kupitishwa kwenye fimbo, na kwamba sili hushindiliwa kwa bomba la duara, kamwe si kwa bisibisi. Na dukani kwake kuna oili nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya shokapu, ambayo kwa kazi hii inaizidi mbali ile ya injini. Fundi wa magari na fundi wa pikipiki mara nyingi hutenganishwa na upana wa barabara tu. Wangekaa meza moja kwa siku moja, tundu la keekee lingepungua mjini.

Kipimo cha oili ni jambo ambalo hata mafundi wazuri hulikosea. Mtu hudhani kwamba ikijazwa hadi pomoni itakuwa bora. Fimbo inapoingia ndani ya silinda inachukua nafasi, na oili haibanwi. Pasipoachwa nafasi ya hewa kwenye bati la nje, gari likidumbukia korongo la kwanza oili itatafuta pa kutokea, na itatokea kwenye sili mpya iliyowekwa jana. Ndiyo maana oili iliyotoka ilipimwa, ingawa iliyovuja haikuwa ndani ya kipimo hicho. Kitabu cha gari kikiwapo, kina namba kamili, na hiyo ndiyo ya kufuata. Mwisho shokapu husimamishwa wima, hunyooshwa na kubonyezwa polepole mara tano au sita hadi ile hali ya kulegea mwanzoni mwa kila mkupuo iishe. Hewa imepanda mahali pake. Shokapu mpya ya oili, ambayo imelala kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam usiku kucha, huhitaji kufanyiwa vivyo hivyo kabla ya kufungwa. Wengi wameirudisha dukani wakisema ni mbovu kwa kukosa dakika mbili hizo.

Anayenunua mpya naye ana mitego yake. Jina maarufu kwenye boksi si ushahidi, kwa kuwa maboksi huigwa. Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo hupambana na bidhaa bandia nchini, imekwisha kuteketeza shehena nyingi za bidhaa za namna hiyo, na spea za magari haziko salama. Bandia hujulikana kwa wepesi wake mkononi na kwa maandishi yanayobanduka. Hujulikana pia kwa fimbo: ukiinyoosha wima na kuibonyeza, hushuka bila kubisha sehemu fulani ya njia, kisha ghafla hubisha. Afadhali kununua kwa muuzaji anayekubali kuandika risiti yenye namba ya kifaa.

Mtego wa pili ni urefu. Shokapu ya gari jingine yenye matundu yanayolingana huweza kufungwa bila shida na bado ikawa fupi kwa sentimita tatu. Gurudumu likining'inia kwenye korongo, shokapu ndiyo inayolizuia lisishuke zaidi, kazi ambayo si yake, nayo hung'oka kichwa. Ikiwa ndefu mno, hugota ndani kabla springi haijafika mwisho na hupasuka chini. Vipimo viwili vilivyoandikwa mwanzo, cha kufungwa na cha kunyooshwa, ndivyo vya kwenda navyo dukani.

Na zile za mtumba kutoka Japani? Kwa gari la kale ni chaguo la mwisho kabisa. Hakuna anayejua zimeenda kilomita ngapi, na sili ya mpira iliyokaa miaka kabatini huwa imekauka hata kama haijatembea. Kutoka kwa kifaa kilichochakaa kwenda kwa kingine ambacho hakijulikani kimechakaa kiasi gani si hatua mbele.

Afrika Mashariki ilikuwa na darasa lake la wazi la shokapu, na Tanzania ilikaa mstari wa mbele. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa karakana ya kuua shokapu mbele ya macho ya dunia. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7, na la kwanza kati ya hayo saba lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa dereva wa Tanzania, Bert Shankland, na Chris Rothwell, tena ndani ya 404; mwaka 1968 Nowicki akashinda tena kwa 404, na waliomaliza walikuwa saba vilevile. Gari la familia, lililouzwa kwa walimu na wafanyabiashara, liliyashinda magari yenye injini kubwa zaidi. Sehemu ya siri ilikuwa chini ya mbawa zake: safari ndefu ya gurudumu kupanda na kushuka, koili laini, na shokapu zilizoweza kuhimili.

Toka mwaka 2003 yapo mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yanayopita Kenya na mara kadhaa Tanzania, kwenye vumbi lilelile. Kambini usiku, baada ya mamia ya kilomita, timu zenye uwezo hutoa shokapu, hupeleka kwa fundi wao, sili na oili hubadilishwa, na asubuhi hurudishwa kwenye gari. Hao wana pesa za kununua mpya kila siku. Wanafungua kwa sababu shokapu zao zilibuniwa kufunguliwa, na kwa sababu wanataka kuona kilichotokea ndani. Hakuna anayeleta keekee.

Mapenzi ya magari haya nchini hayapungui. Oktoba 2024 Arusha iliita wenye Land Rover kutoka pande zote, kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari 632 uliofanyika Ujerumani mwaka 2018, na magari yaliyofika huko yalikuwa ya kila umri. Yaliyotoka magharibi yalikuwa na safari ndefu kabla ya msafara wenyewe. Lami ya kutoka Mpanda kwenda Tabora imebadilisha maisha, na boksi la spea kutoka Dar es Salaam leo hufika kwa basi badala ya kungoja treni. Jambo hilo limebadilisha pia hesabu ya shokapu. Miaka ya 1980 kutoboa kulikuwa na utetezi, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Leo shokapu mpya ya Land Rover inaweza kuagizwa kwa simu, kwa hiyo muda wa fundi unaweza kuelekezwa kule unakohitajika: kwenye Pijo iliyolala nyuma ya nyumba huko Katumba, au kiboksi cha Morris ambacho hakuna duka litakaloagiza.

Kwa vyovyote, mpya au iliyofanywa upya, hufungwa mbili mbili. Shokapu nzima upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari livute kwenye breki na kuyumba kwenye kona, na dereva hulaumu usukani. Bushi za mpira huwekwa mpya bila mjadala, kwani ngo, ngo nyingi za porini hutoka kwenye bushi ya bei ndogo wakati shokapu yenyewe ni nzima. Nati za bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, lisiwe juu ya jeki, ili mpira usibaki umejipinda.

Kisha gari hupelekwa njiani. Kutoka Mpanda hadi Sitalike ni mwendo wa kutosha kuzitia joto shokapu zote nne, hasa dereva akichepuka kwenye njia za changarawe. Pale kijijini, mbung'o wakiwa bado nyuma ya mstari wa miti, dereva huteremka na kulizunguka gari. Analeta kiganja karibu na bati la kila shokapu, kwa tahadhari, kabla ya kuligusa. Tatu zina moto unaolingana. Ya nne, nyuma kulia, ikiwa baridi, hiyo haijafanya kazi yoyote njia nzima, hata kama imetoka kwenye boksi asubuhi ile. Ikiwa na moto kama wenzake, anachuchumaa kutazama kama kuna oili kwenye fimbo, anazikaza nati kwa mara ya pili, anafunga vioo, na anaingia hifadhini.